EQ ya kanuni imepotelea wapi? Zoom R16, chaneli nane, taarab ukumbini

#1 MpigaKanuni_Tanga
Wakuu, salaam. Naomba tusaidiane hapa.

Kikundi chetu cha taarab kimenunua Zoom R16 (rekoda ya treki nyingi) iliyokwishatumika. Jioni ya mazoezi tukarekodi chaneli zote nane kwa mpigo. Ukumbi ni wa saruji, juu mabati, madirisha upande mmoja tu. Nilivyochomeka: 1 gitaa la besi kwa waya moja kwa moja, 2 akordioni, 3 kanuni (kile chombo cha nyuzi) kwa maiki ya kondensa (inayohitaji umeme) juu ya nyuzi, 4 kanuni hiyo hiyo kwa maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme) ubavuni, 5 mwimbaji, 6 waitikiaji watatu kwa maiki moja, 7 fidla, 8 dumbaki.

Nikiwa na hedifoni nilitengeneza EQ (kupunguza na kuongeza besi na trebo) ya treki 3 na 4. Nikashusha LOW, nikapandisha HIGH, kanuni ikang'aa kweli kweli. Nilipohamishia mafaili ya WAV kwenye laptopu, kanuni imerudi kuwa butu na imezama nyuma ya akordioni. Fidla nayo inasikika kama ilipigiwa chumba cha pili.

Kanuni ndiyo inayobeba bashrafu zetu, zile za ala tupu bila kuimba. EQ imekwenda wapi? Na je, kawaida EQ inawekwa wakati wa kurekodi au baadaye?

#2 FundiWaya
Haijapotea mkuu, haikuwahi kuingia kwenye faili.

Fuata njia ya sauti. Inaingia kwenye jeki, inapita kwenye kitasa cha geini (nguvu ya sauti inayoingia), inageuzwa kuwa namba, inaandikwa kwenye kadi ya SD. EQ ya treki imekaa baada ya hapo, upande wa mikseri inayopeleka sauti kwenye hedifoni na master. Wewe ulisikia kanuni yenye EQ, kadi ikaandika kanuni mbichi. Vivyo hivyo kwa fada (kiwango), pan (kushoto au kulia) na rivabu ya kutuma (mwangwi): vyote ni vya kusikilizia na kuchanganyia.

Ukitaka EQ hiyo iingie kwenye faili, fanya miksi ya mwisho ndani ya R16 yenyewe. Lile faili la stereo la master litakuwa na kila ulichorekebisha. WAV za treki moja moja zitabaki mbichi siku zote.

#3 Kisauni_Sound
#2 amesema kweli ila si yote. R16 ina insert effect (efekti inayopachikwa kwenye njia ya sauti), na hiyo unaweza kuiweka kwenye njia ya kuingilia. Kuna algoriti inaitwa 8CH COMP EQ, inakupa kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo) na EQ kwa kila chaneli, zote nane kwa pamoja. Ukiiweka kwenye input, inachapwa kwenye treki na haitoki tena.

Na hata hapo kuna njia ya katikati: kwenye menyu tafuta REC SIGNAL. Ukiacha Wet inarekodi pamoja na efekti. Ukiweka Dry, unasikia efekti kwenye hedifoni lakini kadi inapokea sauti kavu. Mwimbaji anayetaka kujisikia vizuri mpe Dry, atafurahi na wewe hutafungwa.

#4 mama_kwaya_Moro
Jamani kabla ya EQ. Kaka umesema maiki ya kondensa iko chaneli ya 3? Kwenye R16 fantomu ya volti 48 (umeme unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wake) iko chaneli ya 5 na 6 peke yake. Ya 3 haina. Kondensa bila umeme haisikii kitu. Hapo umerekodi dainamiki ya ubavuni tu.

#5 MpigaKanuni_Tanga
Asanteni. Dada mama_kwaya, kondensa yangu inaingia betri moja ya AA kwenye mpini, kwa hiyo inafanya kazi bila fantomu. Treki 3 ina sauti, nimeisikiliza peke yake. Ni ndogo, lakini ipo.

#6 mama_kwaya_Moro
Betri ina umri gani? Maiki za namna hiyo betri ikichoka hazizimi ghafla. Sauti inapungua, halafu inaanza kukwaruza kwenye noti kali. Sisi kwenye kwaya tulilaumu ikwalaiza kwa muda mrefu, kumbe ni betri. Hamishia kanuni chaneli ya 5, washa fantomu, mwimbaji mpeleke 3 na dainamiki yake. Gharama yake ni kuchomoa nyaya mbili.

#7 FundiWaya
Swali zuri la #4, nakubali. Ila "ndogo" si sawa na "butu". Betri dhaifu inapunguza kiwango, haielezi kwa nini ncha ya kanuni imekufa.

#8 Shekhe_Risha (Muscat)
Salaam alaykum. Mimi napiga udi, si fundi, lakini nimekaa karibu na kanuni maisha yangu yote.

Mlio wa kanuni una sehemu mbili. Kuna mgongano wa risha na uzi, ule mkato unaokuambia noti imeanza. Kisha kuna mwili wa sanduku, na upande wenye ngozi chini ya daraja ndio unaotoa ule uzito. Maiki ikikaa karibu mno na ngozi unapata ngoma, risha inapotea. Ikikaa juu ya misumari ya kukazia nyuzi unapata makucha matupu. Mpigaji anavaa risha mbili kwenye pete za vidole vya shahada, na mikono yake inatembea, kwa hiyo ukiikaribia sana kila akihamia juu au chini sauti inabadilika. Maiki zenu zilikaa umbali gani?

#9 MpigaKanuni_Tanga
Shekhe, ya juu iko kama sentimita 25 kutoka kwenye nyuzi. Ya ubavuni iko mbali zaidi, karibu sentimita 60, inatazama ngozi.

#10 Tonemasta_254
Hapo sasa. Boss, shida yako ni fezi (mawimbi ya maiki mbili kupishana), si EQ wala betri.

Sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Tofauti ya 60 na 25 ni sentimita 35, hiyo ni milisekunde 1. Kanuni moja imefika maiki ya juu, halafu baada ya milisekunde 1 imefika ya ubavuni. Ukizichanganya kwa nguvu sawa, kila masafa ambayo milisekunde 1 ni nusu wimbi lake, au wimbi moja na nusu, au mawili na nusu, yanafutana: 500 Hz, kisha 1500, kisha 2500, 3500, na kuendelea. Mashimo yanapita katikati kabisa ya mlio wa kanuni. Hakuna EQ ya kuyajaza, maana ukipandisha pale palipofutika unapandisha sifuri.

Jaribu: kwenye R16 zima treki 4, sikiliza 3 peke yake. Halafu zima 3, sikiliza 4. Ikiwa kila moja peke yake ina uhai kuliko zikiwa pamoja, umepata jibu.

#11 bezi_la_mtaa
Au ageuze tu fezi ya treki 4. Kuna INVERT kwenye vigezo vya treki. Bonyeza, umemaliza.

#12 Tonemasta_254
@bezi_la_mtaa INVERT inapindua wimbi juu chini, haiondoi milisekunde. Akiibonyeza, mashimo yatahama tu: 500 patajaa, 1000 patafutika, 2000 patafutika. Pia besi ya chini yote itapungua. Inaweza kusikika afadhali kwa bahati ya masafa, lakini ugonjwa uko pale pale. Kwenye laptopu avute treki 4 mbele, yaani ianze mapema, kwa sampuli 44 au 45, hapo ndipo zinakutana. Kwenye 44.1 kHz, milisekunde moja ni sampuli 44 na kidogo.

#13 MzeeKaseti
Vijana mmeanza vizuri, mmeingia kwenye hesabu, mkaliacha swali lake la pili. Aliuliza EQ iwekwe lini.

Sisi tuliojifunza kwenye Portastudio ya kaseti (rekoda ya Tascam) hatukuwa na anasa ya "baadaye". Treki nne tu. Unarekodi tatu, unazibaunsi (unazichanganya) kwenye ya nne, unafuta zile tatu, unaendelea. Ukishabaunsi, ngoma na besi na gitaa zimekuwa kitu kimoja. Kwa hiyo EQ iliwekwa pale pale, kwa masikio, kabla ya kubonyeza kitufe chekundu. Na kila kubaunsi kulikula trebo na kuongeza mchakacho wa tepu, kwa hiyo tulipandisha juu kidogo makusudi tukijua itashuka. Mtu alijifunza kusikia, maana hakukuwa na pa kukimbilia. Hiyo mashine ya kwanza ya Tascam ilitoka 1984 na ilibadilisha kila kitu kwa mwanamuziki asiye na studio.

Rai yangu: chapa EQ. Amua ukiwa ukumbini, kanuni ikiwa mbele yako. Nyumbani baada ya wiki umeshasahau kanuni halisi ililia vipi, unabaki kuitengenezea kanuni ya kufikirika.

#14 kumbukumbu_za_sauti
Mzee shikamoo. Marekebisho madogo: Portastudio ya kwanza, 144, ni ya 1979. Ile 244 ndiyo ilifuata 1982, ikaja na dbx mahali pa Dolby (zote ni mifumo ya kupunguza mchakacho). Na kwa wasiojua, 144 iliendesha kaseti kwa kasi maradufu ya kawaida, sentimita 9.5 kwa sekunde, na njia zote nne zilitumia tepu ikielekea upande mmoja. Kaseti ya dakika 60 ilikupa dakika 15 tu. Ndiyo maana watu waliamua haraka!

#15 MzeeKaseti
Marahaba. 1979, sawa, nakushukuru. Mimi nilikutana nayo baadaye sana.

#16 Kisauni_Sound
Mzee kwa heshima zote nakataa hilo la kuchapa, kwa kesi hii hasa. Ukumbi wa mabati, bendi yote inapiga karibu yako, na hedifoni haziwezi kuzuia besi na dumbaki kupenya masikioni. Unachosikia si kile kinachoingia kwenye maiki. Mtu akisikia besi nyingi chumbani anashusha LOW ya kanuni, kesho anakuta kanuni nyembamba kama waya. Ukiwa na treki mbichi unarudi nyuma. Ukiwa umechapa, kilichokatwa kimekatwa.

Kitu kimoja tu ningekata wakati wa kurekodi: chini ya 80 Hz kwa kila kisichokuwa besi wala dumbaki. Miguu, upepo wa feni, mvumo wa jenereta ya jirani, hivyo havina faida kwa mtu yeyote.

#17 mama_kwaya_Moro
Naunga mkono #16. Tena kwa waimbaji: maiki za kadioidi (zinazosikia zaidi mbele) ukizikaribia besi inapanda yenyewe. Mwimbaji mmoja anameza maiki, mwenzake anasimama hatua nyuma, EQ moja haiwezi kuwafaa wote wawili. Afadhali kuwapanga kwa miguu kuliko kwa vitasa.

#18 Shekhe_Risha (Muscat)
Hilo la kupanga kwa miguu ni la asili. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1930 kurekodi sahani za santuri, hakukuwa na chaneli wala EQ ya kila chombo. Watu walisogezwa mbele na nyuma mpaka mizani ikakaa.

#19 kumbukumbu_za_sauti
1928, Shekhe. Safari ile ya kwanza ya Bombay ni 1928, walirekodiwa na Gramophone Company, santuri za His Master's Voice. Kuhusu kupangana mbele ya maiki uko sahihi. Hata bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja kwa mkupuo. Mizani ile ilitengenezwa na wanamuziki wenyewe na fundi mitambo aliyejua pa kusimika maiki.

#20 Shekhe_Risha (Muscat)
1928, ahsante. Nimesahihishwa.

#21 bezi_la_mtaa
Tumefika Bombay na kanuni ya Tanga bado haijasikika 😀

Mimi narudi kwenye treki 7, fidla "ya chumba cha pili". R16 ina maiki mbili ndogo za ndani, kushoto na kulia, na zinaingia kupitia chaneli ya 7 na 8. Kuna swichi yake. Ikiwa imewashwa, chaneli 7 inasikiliza maiki ya mashine yenyewe. Mashine ilikuwa imekaa wapi?

#22 MpigaKanuni_Tanga
Mashine ilikuwa mezani nyuma ya mwimbaji. Swichi sijaiangalia ilikaaje siku ile, kwa sababu tumeshaihamisha. Ila dumbaki ya treki 8 inasikika karibu kabisa, kavu, na yenyewe ingeathirika pia, au sivyo?

#23 bezi_la_mtaa
Dumbaki ina nguvu, ingesikika karibu hata kwa maiki ya mezani. Lakini "kavu" kwenye ukumbi wa mabati... hapo umenitia shaka. Kama 8 ni kavu basi si maiki ya ndani.

#24 FundiWaya
Au fidla ilikuwa mbali tu na geini ikapandishwa kufidia. Maiki ikiwa mita moja na nusu kutoka kwenye fidla na mita moja kutoka kwenye akordioni, treki ya fidla ni treki ya akordioni yenye fidla ndani yake. Mafundi wanashika sheria ya tatu kwa moja: maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye chombo chake, maiki ya jirani ikae angalau sentimita 60 kutoka kwenye hiyo ya kwanza. Kwa hiyo njia pekee ya kubana watu kwenye ukumbi mdogo ni kila maiki kuwa karibu na chombo chake. Na mgongo wa maiki ya kadioidi uutazamishe akordioni, maana nyuma ndiko inakosikia kidogo zaidi.

Hili linaathiri na EQ. Ukipandisha 4 kHz kwenye treki ya fidla, umepandisha 4 kHz ya akordioni pia.

#25 GomaGitaa
Bonjour wakubwa. Hapa Goma tunarekodi kwaya na magitaa, lakini mashine yetu ni Tascam DP-24SD. Njia zake ni tofauti na za R16, naona wengi wanachanganya.

Kwa R16, input 1 inakwenda treki 1, au ukibadilisha banki inakwenda treki 9. Input 2 ni treki 2 au 10. Hivyo mpaka 8 na 16. Huwezi kutuma input 3 kwenye treki 12. Kwa Tascam kuna kitufe cha ASSIGN: unachagua input A mpaka H, unaipeleka kwenye treki unayotaka. Na EQ ziko mbili, ya input na ya treki. Ya input inaandikwa, ya treki haiandikwi. Kwa hiyo ushauri mtu anaoupata kwa mwenye Tascam unaweza kumpoteza mwenye Zoom, na kinyume chake.

#26 Kisauni_Sound
Umenena. Na kwa sababu hiyo kwenye R16 upangaji wa nyaya ndio njia yenyewe. Huwezi kuuahirisha. Fantomu 5 na 6, besi au gitaa la umeme lisilo na DI (kisanduku cha kuliunganisha na mikseri) liende 1 kwa sababu ya Hi-Z (pembejeo ya gitaa), maiki za ndani 7 na 8. Ukishaviheshimu hivyo vitatu, kinachobaki ni 2, 3 na 4 kwa dainamiki. Kondensa ya kanuni ilikuwa na nyumba mbili tu, na zote mbili walipewa waimbaji wasiohitaji fantomu.

#27 MpigaKanuni_Tanga
Nimeielewa hiyo sasa. Tonemasta, nimefanya jaribio lako. Treki 3 peke yake: risha zinasikika, mwili haupo, sauti ndogo. Treki 4 peke yake: mwili upo, akordioni nyingi mno. Pamoja: mwili unapungua na risha zinafifia. Nimevuta 4 mbele sampuli 45 kwenye laptopu. Imekuwa bora, nakiri imekuwa bora, ila si ile kanuni niliyoisikia kwenye hedifoni siku ile.

#28 Tonemasta_254
Si ndiyo hiyo sasa! Fezi.

#29 mama_kwaya_Moro
"Sauti ndogo, mwili haupo" kwenye maiki iliyo sentimita 25? Kondensa nzima kwa umbali huo ingemshinda akordioni. Betri, kaka. Betri.

#30 FundiWaya
Mimi naona ukumbi. Mabati juu, saruji chini, vinatazamana. Sauti ya akordioni inagonga juu inarudi kwenye maiki ya kanuni ikiwa imechelewa. Hayo ni mashimo yale yale anayoyasema Tonemasta, ila yanatoka darini wala si kati ya maiki mbili. Kuvuta sampuli hakutayaondoa.

#31 bezi_la_mtaa
Basi tandikeni majamvi na mikeka, pazia nzito ukutani. Tatizo la ukumbi limekwisha.

#32 FundiWaya
Mikeka inameza trebo, besi haina habari nayo. Ukumbi wenye upana wa mita 4 unavimba karibu na 43 Hz na 86 Hz, hata ukitandika zulia la msikiti mzima. Matokeo ya kufunika kila kitu kwa vitambaa vyepesi ni ukumbi uliopoteza mng'aro na kubaki na mvumo, yaani kanuni inazidi kuumia. Pazia zitundikwe mbali kidogo na ukuta, ziwe nzito, tena nyuma ya kanuni na akordioni tu. Juu kabisa ya kanuni, kama inawezekana, magodoro mawili yaning'inizwe.

#33 Shekhe_Risha (Muscat)
Magodoro juu ya kichwa cha mpiga kanuni! Haya, akubali mwenyewe kwanza 😀

Lakini nauliza jambo. Hiyo kanuni aliyoisikia kwenye hedifoni ilikuwa kanuni ya treki 3 na 4 pamoja na kanuni halisi iliyokuwa ikipenya kwenye hedifoni kutoka ukumbini. Je, si hiyo ya tatu ndiyo anayoitafuta?

#34 Kisauni_Sound
Shekhe, umesema hujui ufundi na umetupita wote. Ndiyo hoja yangu ya #16. Hedifoni za wazi karibu na bendi zinakudanganya. Dawa: rekodi dakika moja, simamisha bendi, sikiliza kwa ukimya, kisha ndipo uguse EQ au usogeze maiki. Dakika moja tu.

#35 MzeeKaseti
Kuhusu hilo la kusimamisha bendi nakubaliana nawe bila pingamizi. Kuhusu kuchapa EQ bado nasimama nilipo. Treki mbichi nane zikikaa kwenye laptopu, kazi haiishi. Nimeona vikundi vyenye rekodi za miaka, hakuna hata moja iliyotoka kwa sababu "bado tunamiksi".

#36 GomaGitaa
Mzee hapo umetugusa wengi.

#37 msikilizaji_tu
Mimi sirekodi, nasikiliza. Naombeni mkumbuke taarab nyingi siku hizi tunaisikia kwenye spika moja ya simu. Hata mkiweka kanuni moja kushoto moja kulia, simu inazijumlisha.

#38 Tonemasta_254
Na zikijumlishwa zinafutana, kama nilivyoonyesha #10. Kwa hiyo maiki moja tu kwa kanuni. Chaneli iliyobaki mpe mwitikiaji wa pili.

#39 Kisauni_Sound
Au zibaki mbili, lakini ziwe kapsuli kwa kapsuli (vichwa vya maiki) mahali pamoja, zikitazama pande tofauti, ndivyo XY za rekoda za mkononi zilivyotengenezwa. Umbali kati yake ni sifuri, milisekunde hazipo.

#40 bezi_la_mtaa
Na besi je? Mimi ndiye mwenye besi kwenye bendi yangu, treki 1 ina mvumo wa "mmmm" chini. Ni EQ?

#41 FundiWaya
Mvumo ukiwa 50 Hz na ndugu zake 100 na 150, ni umeme wa ukutani. Ukikata 50 kwa EQ unakata besi yenyewe. R16 inatumia betri sita za AA. Chomoa adapta, endesha kwa betri, sikiliza. Mvumo ukiondoka, adapta au ardhi ya umeme ndiyo yenye kosa. Usipoondoka, angalia pikapu ya gitaa na waya.

#42 bezi_la_mtaa
Kwa betri itahimili mazoezi yote? Na kadi? Treki nane za biti 24 kwa saa ni kama giga 5.

#43 kumbukumbu_za_sauti
Ni 3.8 hivi. Treki moja ya mono, 44.1 kHz, biti 24, ni karibu MB 7.9 kwa dakika. Mara nane, mara sitini. Kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa nane. Na msiogope biti 24 ili kubana nafasi: ndizo zinazokuruhusu kuacha geini chini, vilele vya sauti viishie karibu na -12 dB, bila kuleta mchakacho. Mwimbaji wa taarab akipanda kwenye kiitikio hapigi hodi.

#44 mama_kwaya_Moro
Jambo jingine ambalo halijatajwa: majina ya mafaili. R16 inaandika MONO-000, MONO-001 na kuendelea, kwa kufuata mpangilio wa kurekodiwa. Namba hiyo si lazima iwe namba ya treki. Mkirudia kipande kwa treki chache, namba zinazidi kuachana. Kaka una hakika faili uliloliita "kanuni juu" kwenye laptopu ndilo treki 3?

#45 MpigaKanuni_Tanga
Nimehakikisha kwa kusikiliza moja moja ndani ya mashine kisha kwenye laptopu. Ni lenyewe.

Asanteni sana wote. Mazoezi yajayo mpango ni huu: kanuni chaneli 5 na fantomu, kondensa moja tu, sentimita 30 juu kati ya risha na ngozi. Mwimbaji anakwenda 3. Fidla inabaki 7, maiki sentimita 20, swichi ya maiki za ndani nitaiangalia kwa macho. Akordioni itageuzwa iwe nyuma ya maiki ya kanuni. Kata ya chini 80 Hz kwa wote isipokuwa 1 na 8. EQ nyingine sichapi, Mzee anisamehe.

#46 MzeeKaseti
Umesamehewa. Lakini rekodi bashrafu moja kwa 8CH COMP EQ ikiwa Wet, kanuni imeshatengenezwa, bila kugusa kitu baadaye. Zilinganishe.

#47 mama_kwaya_Moro
Ukibadilisha maiki, chaneli, umbali na mahali pa akordioni siku moja, hatutajua ni kipi kilichoponya. Anza na betri mpya chaneli ile ile ya 3, dakika mbili tu, ndipo uhamishe.

#48 Tonemasta_254
Nakubali. Halafu rudisha na ile maiki ya ubavuni kwa dakika mbili, tuone mashimo.

#49 FundiWaya
Na dakika mbili nje ya ukumbi, chini ya mti, kanuni na akordioni tu. Tuone kama ni dari.

#50 MpigaKanuni_Tanga
Haya, vipande vyote vinne na cha Mzee. Nitapandisha humu WAV mbichi za kanuni na akordioni, biti 24, kila kipande dakika mbili. Mpiga akordioni ameshaanza kuuliza kwa nini kila mtu anamgeuza mgongo.